Muhuri wa Pampu

Mwaka 1983 baba alinipeleka kwa fundi mmoja wa Mikindani nikajifunze kazi ya magari. Mengi yameandikwa juu ya utamaduni wa watu wa kusini: vinyago vya Wamakonde, ngoma, jando na unyago. Sijapata kuona palipoandikwa kwamba karakana iliyo chini ya mwembe nayo ni chuo cha utamaduni huo, ilhali humo ndimo nilimofunzwa adabu kuliko mahali pengine popote.

Siku hizo vipuri vilikuwa adimu nchini kote. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika wakati wa masika, na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Kwa hiyo lori lililobeba korosho kutoka Tandahimba hadi bandari ya Mtwara halikuwa chombo cha mwenyewe peke yake. Likilala njiani, magunia ya kijiji kizima yalilala nalo.

Ndugu msomaji, injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali mno, kisha pampu husukuma mafuta kupitia nozeli, nayo yakawaka yenyewe. Ndivyo alivyofikiri Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikiwa kuiendesha injini yake mwaka 1897. Basi anayetaka kuiongezea injini hiyo nguvu hana budi kujiuliza maswali mawili: mafuta yaingie lini, na yaingie kiasi gani.

Swali la kwanza Fundi alinifundisha kwa matone. Alitoa vali ndogo iliyo juu ya pampu, upande wa silinda ya kwanza, akafunga hapo kijibomba kilichopinda kama shingo ya bata, akaniamuru nizungushe injini kwa mkono, taratibu. Mafuta yalitiririka, yakapungua, yakawa matone. Tone la mwisho lilipokoma, akasema, "Hapo, mwanangu. Usiguse." Hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma, na alama za injini hazina budi kukubaliana. Nilirudia zoezi hilo juma zima, maana kila mara mkono wangu ulipitiliza.

Kisha alinisomesha moshi. Mweupe ni mafuta yasiyoungua. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. "Kabla hujagusa pampu," alisema, "safisha chujio la hewa, pima nafasi za vali, jaribu nozeli." Wengi huanzia kwenye pampu. Mimi pia nilianzia huko.

Pampu ilikuwa na skrubu ya kuwekea kikomo cha mafuta, imefungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Dereva mmoja alinijia Fundi akiwa msikitini, akalalamika kwamba lori lake halipandi mlima wa Newala ukitokea Masasi. Nilikata waya, nikazungusha skrubu mzunguko mmoja kasorobo. Lori likaondoka kwa ngurumo, likiacha wingu jeusi barabarani, nami nikasimama nikijiona fundi.

Siku ya tatu tuliitwa. Lilikuwa limekwama katikati ya mlima na magunia ya mahindi, maji yamechemka yakaisha, na utingo alikuwa ameteremka bondeni na dumu kutafuta mengine. Katika Uwanda wa Makonde maji hayakuwa kitu cha kuombwa ovyo. Tulipofungua injini tulikuta kichwa cha pistoni moja kimeyeyuka na kutoboka. Chanzo kilikuwa chujio la hewa tu. Lilikuwa limeziba kwa vumbi, nami sikulitazama.

Fundi hakunigombeza mbele ya dereva. Aliniambia nimweleze mwenye lori mwenyewe, kwa kinywa changu. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza pistoni itapatikana lini. Ilipatikana baada ya miezi miwili, msimu wa korosho umekwisha kuanza.

Malori mengi ya leo hupimiwa mafuta kwa kompyuta, na vijana huyarekebisha kwa kuchomeka waya. Hushinda nao nikawatazama. Jambo la kwanza ninalowauliza ni kama wamefungua chujio la hewa.