Mnavu Si Mmoja

Wengi husema mnavu ni mnavu tu. Mimi sikubali. Nenda kando ya shamba ukatazame matunda yaliyoiva, maana majani peke yake huweza kukudanganya. Matunda yakiwa na rangi ya chungwa, huo ndio wataalamu wauitao Solanum villosum. Yakiwa meusi ya kuelekea zambarau, makubwa, upana wake hata sentimeta 1 na zaidi, na majani yake mapana, huo ni Solanum scabrum; ndio niupendao, kwa kuwa michumo michache tu hujaza chungu. Wa tatu, Solanum americanum, una matunda madogo meusi yanayong'aa, nayo yote hutokea mahali pamoja kwenye kikonyo chake.

Lakini, mama, angalia watoto. Matunda mabichi, yale ya kijani, yana sumu, hata ya mnavu ule ambao majani yake twala kila siku. Mtoto mwenye njaa njiani hangoji tunda liive. Basi mwonyeshe mwenyewe, umshike mkono hadi kwenye mche, bichi na bivu vikiwa pamoja mbele ya macho yake.