Mstari wa 63

Tangu Machi 2023 ninaandika bei za kadi ambazo si zangu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nafungua kompyuta, napita kwenye tovuti tatu za mnada, natafuta neno "Zanzibar", kisha najaza jedwali: picha ya nini, nani aliipiga, ilitumwa au haikutumwa, muuzaji anataka kiasi gani, mwishowe imeuzwa kiasi gani, tarehe. Mpaka leo jedwali lina mistari 118. Wenzangu wa shahada ya uzamili ya uchumi wanafuatilia bei ya mchele na ya mafuta. Mimi nafuatilia postikadi za zamani.

Aliyenifundisha mchezo huu ni mtoto wa ami yangu anayeishi Muscat. Yeye ni mtu wa kadi za Pokémon, na anazifuatilia kama mvuvi anavyofuatilia upepo. Ndiye aliyenisimulia jinsi bei zilivyoruka wakati wa korona, watu walipokaa majumbani wakafungua masanduku yao ya utotoni. Kampuni ya PSA ya Marekani, inayokagua hali ya kadi na kuipa alama kuanzia 1 mpaka 10, ililemewa hata Machi 2021 ikasimamisha huduma zake nyingi. Agosti 2022 kadi ya mwaka 1952 ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, ikauzwa kwa dola milioni 12.6. "Na nyinyi huko kwenu mna kadi," aliniambia kwa simu. "Zitafute."

Kweli tunazo, ila nyingi haziko kwetu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Mji Mkongwe ulikuwa na wapiga picha Wagoa waliochapisha postikadi: A. C. Gomes, na ndugu wa Coutinho. Meli zikitia nanga, abiria wakishuka, wananunua picha ya Beit al-Ajaib au ya kichochoro, wanabandika stempu na kuituma Ulaya. Kadi zilitengenezwa ili ziondoke. Ndiyo maana leo, ukitaka picha ya mtaa wa bibi yako ya mwaka 1905, utampata mzee mmoja Ujerumani au Uingereza anayeiuza, na bei yake ameiandika kwa yuro.

Haikuwa udadisi tu ulioniingiza huko. Nyumba yetu ya Mkunazini inavuja. Boriti mbili za ghorofa ya juu zimeoza, na fundi alipopanda na kushuka alitaja shilingi milioni 6. Mjomba akakumbuka bati la biskuti la marehemu babu, lenye postikadi 23. Aliwahi kusikia kwamba Wazungu wananunua vitu vya zamani kwa fedha nyingi. Akaniita, akaliweka bati mezani, akasema: "Wewe ndiye msomi. Tuambie zinafika ngapi."

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba bei inayotakiwa si bei. Mtu anaweza kuitangaza kadi kwa dola 80 na ikakaa hapo miezi kumi na minne bila kuguswa, na kadi ileile, picha ileile, ikauzwa kwingine kwa dola 11. Ukitazama matangazo tu utadhani umeketi juu ya hazina. Ndiyo maana jedwali langu lina safu mbili za bei. Nilipojumlisha kadi za babu kwa safu ya kwanza, nilipata karibu dola 900. Kwa safu ya pili hazikufika 300.

Jambo la pili ni kwamba bei hupanda na kushuka kutegemea umesimama wapi. Chukua kadi iliyouzwa dola 20 mwaka 2014, na nyingine kama hiyo iliyouzwa dola 20 mwaka 2024. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,650, na miaka kumi baadaye karibu 2,600. Kwa hesabu ya Mjomba, kadi imepanda kutoka shilingi 33,000 hadi 52,000, na hiyo ni faida. Kwa mkusanyaji aliyeko Chicago imeshuka, kwa sababu kilichonunuliwa kwa dola 20 mwaka 2014 kilihitaji takriban dola 26 mwaka 2024. Kadi haikufanya lolote. Ilikaa ndani ya bahasha yake huku sarafu zikisogea kila moja upande wake. Nilimweleza Mjomba hayo, akanitazama kama mtu aliyeulizia nauli akasomewa ramani.

Jambo la tatu ni kile kinachoitofautisha kadi na kadi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilichapishwa mno, hivyo picha zake ni rahisi, hata baada ya sehemu ya jengo kuanguka tarehe 25 Disemba 2020. Mnara wa saa unasaidia kukisia umri: ukiuona umeungana na jengo, picha ni ya baada ya vita vya 27 Agosti 1896. Ujumbe ukiwa umebanwa upande wa picha, huenda kadi ni kongwe zaidi, kwani Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe mwaka 1902 tu. Stempu nayo huweza kuwa ghali kuliko kadi inayoibeba. Mwaka 1895 posta ya hapa ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa neno "Zanzibar" juu yake, na baadhi zilikosewa zikasomeka "Zanzidar". Wakusanyaji wanagombania kosa hilo mpaka leo.

Halafu kuna jina la aliyeishika. Mtoto mmoja wa Mji Mkongwe aliyezaliwa 1946 alikuwa akikusanya stempu, na albamu yake ikauzwa mnadani mwaka 1993. Sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya posta London. Stempu zake ni za kawaida tu. Kilichouzwa ni kwamba mtoto yule alikuja kuwa Freddie Mercury. Kwenye kadi zangu mambo ni kinyume. Maelezo yaliyochapwa chini ya picha husema "mwanamke wa Kiswahili" au "wapagazi". Mpiga picha ana jina, mchapishaji ana jina, na sultani ana jina. Mama aliyesimama mbele ya kamera na kanga yake hana. Jedwali langu halina safu yake, kwa sababu soko halijawahi kuiuliza.

Hapo ndipo ulipoingia mstari wa 63.

Ilikuwa kadi ya bandari ya Unguja, muuzaji yuko Ulaya, kona moja imekatika. Alianza na dola 35, akashusha hadi 24, kisha 14. Kwenye maelezo aliandika: nyuma kuna maandishi ya Kiarabu, yamefifia. Niliikuza picha mpaka ikajaa skrini. Mimi herufi nazijua za kusomea Kurani tu, kwa hiyo nilibeba kompyuta nikampelekea Bibi, ambaye alijifunza kuandika chuoni zamani, kabla hajakanyaga skuli.

Akaisogelea, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani kakwambia Kiarabu hichi? Hichi Kiswahili hichi, mjukuu wangu."

Akasoma kidole kikitembea juu ya kioo. Mtu ameandika kutoka Unguja kwenda Lamu. Amefika salama. Kitambaa cha rangi ile hakukipata, amechukua cha buluu. Mama asalimiwe. Na mbuzi wasiuzwe mpaka arudi.

Sijawahi kukisikia chumba chetu kikiwa kimya namna ile. Katika mistari yote 118, hiyo ndiyo kadi pekee niliyoikuta ambamo mmoja wetu anasema na mmoja wetu.

Dola 14 ninazo. Mtoto wa ami angelipa kutoka Muscat, nami nimrudishie kidogo kidogo. Darasani tunasoma makala ya George Akerlof ya 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anaijua gari yake na mnunuzi haijui, na soko zima linaharibika kwa hilo. Hapa mambo yalikuwa yamegeuka. Mimi mnunuzi ndiye niliyejua kilichomo, na bei ilikuwa ikishuka kwa sababu muuzaji hajui anauza nini. Nikinyamaza naipata, nikisema huenda inipite. Nilijipa sababu nyingi za kunyamaza, na baadhi zilikuwa nzuri: kadi ile imeshaondoka kwetu mara moja, irudi tu, na irudi rahisi.

Nikamuuliza Bibi. Hakuchukua muda.

"Mwambie. Huwezi kumnunulia mtu kitu chake kwa kumficha kilichomo."

"Bibi, atapandisha bei."

"Apandishe. Kwani hujui kuomba?"

Nikamwandikia. Nilimtafsiria mstari kwa mstari, na nikamwomba aniuzie kwa dola 20. Alinishukuru sana. Kesho yake tangazo lilikuwa na maelezo mapya: barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nadra, tafsiri ipo. Bei dola 38. Nilikuwa bado nazungumza na Muscat namna ya kuzikusanya pale kadi ilipouzwa, siku ya kumi na moja.

Kadi za babu hazikuuzwa, na si kwa mapenzi peke yake. Nilimpa Mjomba safu zote mbili, akapiga hesabu: hata kwa bei nzuri, ukiondoa ada ya mnada na gharama ya kutuma, hazigharimii boriti moja. Alicheka, akalifunika bati, akaenda kuulizia mkopo kwenye chama chao cha kuweka na kukopa. Boriti ya kwanza imebadilishwa. Ya pili inasubiri.

Jedwali naendelea kulijaza, na sasa lina safu ya maandishi. Bei nyingi zilizomo naweza kukisia tu sababu yake: sarafu, msimu, watu wawili waliogombania kitu usiku mmoja. Ya mstari wa 63 naijua. Ilipanda kutoka 14 hadi 38 kwa sababu kikongwe mmoja wa Mkunazini aliisoma.

Nilimwomba muuzaji aitie tafsiri yangu ndani ya bahasha, akakubali. Bibi hakuuliza aliyeinunua ni nani wala anaishi wapi. Anachoniuliza, tena mara kwa mara, ni kama wale mbuzi waliuzwa.