Bangili na Nafasi Yake

Kila mwaka wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha hunijia na swali lile lile kwa maneno tofauti: je, mwalimu anayeona kasoro katika kitabu cha kiada ana ruhusa ya kuirekebisha mwenyewe, au hana budi kungoja wenye kitabu wakirekebishe? Kwa muda mrefu nililijibu swali hilo kwa ukali. Nilisema mwalimu mpya na afuate kiongozi cha mwalimu kama kilivyo. Siku hizi sijibu hivyo tena, na ili nieleze sababu yake sharti niwapeleke kwanza mbali na darasa, katika gereji ya mjomba wangu mjini Arusha, mwanzoni mwa mwaka 2007, nilipokuwa nikingoja matokeo ya mtihani wa kidato cha nne.

Mkulima mmoja wa nje ya mji alikuwa na gari la mbio, Porsche 911 la mwaka 1974, alilolitunza kama mboni ya jicho. Gari la aina hiyo si geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Safari akiendesha 911, na mwaka 1978 Vic Preston mdogo wa Kenya akashika nafasi hiyo hiyo. Basi mjomba, ambaye shughuli yake ya kila siku ilikuwa Land Rover na malori, alilipokea gari lile kwa heshima, lakini bila woga.

Injini ya 911 hukaa nyuma kabisa. Ina silinda sita zilizolala, tatu kila upande, na wakati ule ilikuwa ikipozwa kwa hewa. Kila upande una mnyororo unaozungusha kamshafti, na kamshafti ndiyo inayofungua vali kwa zamu yake. Mnyororo hauna budi kukazwa daima. Kazi hiyo hufanywa na kikaza, kichupa cha chuma chenye springi, pistoni na oili ndani yake, kinachousukuma mkono wenye gurudumu la meno linalogusa mnyororo. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu uliojulikana na kila aliyezishughulikia injini hizo. Oili ya kikaza ilikuwa imefungiwa ndani; sili zikichakaa, oili huvuja, pistoni huzama, na mnyororo hulegea. Mnyororo uliolegea huweza kuruka meno. Ukiruka, vali hufunguka wakati usio wake, pistoni za injini huzigonga, na mwenye gari huzungumza na fundi kwa sauti nyingine.

Kiwanda kilitibu jambo hili katika magari ya mwaka 1984, kwa kukipatia kikaza oili yenye msukumo moja kwa moja kutoka katika injini. Lakini kabla ya hapo, na hata baada yake kwa wenye magari ya zamani, mafundi wa nje ya kiwanda walikuwa na dawa yao ndogo: bangili ya chuma iliyopasuliwa upande mmoja na kukazwa kwa bolti kwenye mti wa pistoni ya kikaza. Kikaza kikifa, pistoni haiwezi kuzama yote, kwa sababu bangili hugota ukingo wa kikaza. Mnyororo utapiga kelele, lakini hautaruka.

Gari la mkulima lilikuja likitoa sauti kama karanga zinazotikiswa ndani ya kopo. Vikaza vipya vilipaswa kuagizwa ng'ambo, naye hakuweza kungoja. Mjomba alitoa sailensa na mabati ya nyuma, akafungua mifuniko ya minyororo, akatazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akachora bangili mbili kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akanituma kwa fundi wa kukereza vyuma.

Siku ya pili aliufunga upande wa kushoto mwenyewe, nami nikitazama. Upande wa kulia akaniachia. Naungama kwamba niliona fahari. Nilizuia mkono ili mnyororo usilegee, kama alivyonionyesha, nikavaa bangili kwenye mti wa pistoni. Mjomba alikuwa ameacha nafasi ndogo kati ya bangili na ukingo wa kikaza. Mimi nikafikiri, kama kijana yeyote ambavyo angefikiri, kwamba kitu kilichobana kabisa ni bora kuliko kilichobana nusu. Nikaisukuma bangili mpaka ikagusa ukingo, nikakaza bolti.

Injini ilipowashwa, karanga zilikuwa zimekwisha. Mkulima alicheka, akampa mjomba mkono. Mjomba hakucheka. Aliiacha injini ingurume kama robo saa, akainamisha sikio. Ndipo upande wa kulia ulipoanza mlio mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa chupani. Akazima.

"Mpwa wangu," akaniuliza, "injini hii ilipowaka mara ya kwanza ilikuwa na joto au baridi?"

"Baridi, mjomba."

"Na sasa?"

Nikasema ina joto. Akauliza ni nini kimebadilika. Nikajibu kwamba labda oili ni nyepesi. Akakataa. Nikasema labda bolti imelegea. Akakataa tena, akaenda kunywa chai na mkulima, akaniacha nimesimama na spana mkononi. Jioni ile hakunieleza neno. Kesho yake asubuhi akaniamuru niwashe. Kimya. Baada ya robo saa nyuki akarudi, nami nikaelewa: madini mepesi ya injini yakipata joto hutanuka kuliko chuma cha mnyororo, kamshafti husogea mbali kidogo, na mnyororo hukaza zaidi. Kikaza huwa kinarudi nyuma kidogo ili kuupa mnyororo nafuu. Bangili yangu ilikuwa imekinyima njia ya kurudi. Kama mkulima angeondoka na gari lake lile, mnyororo na meno yake vingeliwa polepole, na gereji nzima ya mjomba isingetosha kulipa injini hiyo.

Niliifungua bangili kwa mikono yangu, nikaacha nafasi, mjomba akaipima. Mkulima alingoja siku moja zaidi, akanung'unika, akalipa.

Sasa nirudi darasani. Miaka michache iliyopita nilimkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha kutoa kwa kukopa. Kitabu kilitoka kwenye hesabu kama 543 kutoa 267 hadi 503 kutoa 267 katika ukurasa mmoja, bila kumwandaa mtoto kwa ile sifuri ya katikati. Watoto wengi walikuwa wakiandika 364. Yaani kila safu walitoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali ipi iko juu. Mwanachuo yule alikuwa amekusanya visanduku vya kiberiti na njiti, akazifunga kumi kumi na mia mia. Mtoto alipofika kwenye sifuri alilazimika kufungua fungu la mia kwanza, ndipo apate makumi ya kukopesha. Mimi niliandika katika fomu: "Ameliacha andalio." Nikampa alama ndogo.

Aliniuliza kwa adabu, "Mkufunzi, wanaanguka hapo kila siku. Nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nikakumbuka karanga ndani ya kopo. Asubuhi nilimwomba radhi, nikaibadili fomu mbele yake.

Juma lililofuata mwenzake katika shule ile ile aliazima njiti hizo. Akawalazimisha watoto wote wazitumie katika kila hesabu, hata wale waliokwisha kuelewa na kuandika 236 bila kusita. Nilikaa nyuma ya darasa. Mtoto mmoja alikuwa ameandika jibu, akalifuta, akaanza kuhesabu njiti kwa sababu mwalimu alikuwa anamtazama. Somo lilipokwisha nilimwita mwanachuo kando. Sikumwambia kosa lake. Nilimuuliza ni watoto wangapi walikuwa na jibu kabla hawajagusa njiti.

Mjomba alizitengeneza bangili mbili nyingine baadaye kwa gari jingine, na ile ya kulia ya mkulima ilirudi vikaza vipya vilipofika. Alinipa. Iko katika saraka ya meza yangu chuoni, na alama ya mahali ilipogusa ukingo bado inaonekana.