Dawa ya Asubuhi na Sala ya Asubuhi

Katika ibada ya kuombea wagonjwa, watu huleta mbele za Mungu saratani, kisukari, shinikizo la damu na majeraha ya ajali. Kiungulia hakiletwi. Huonekana ni jambo dogo, la mtu aliyezidisha maharage au mihogo ya kukaanga. Lakini kiungulia kinachorudi juma hata juma, kwa miaka, ni ugonjwa kamili, na sisi tumeona kwamba nacho kina maswali ya imani ndani yake. Tunaandika wawili, mume na mke. Tumbo ni la mume, lakini usiku usio na usingizi umekuwa wa sote, na ndiyo maana tunasema "sisi".

Shida ilianza katika mwaka wa kumi na mmoja wa ndoa yetu. Kwanza ilikuwa moto kifuani baada ya kula, ukipanda hadi kooni. Baadaye ikawa kuamka saa nane za usiku na maji machungu mdomoni, kukohoa, na kukaa kitandani tukiegemea ukuta hadi alfajiri. Mume huimba besi katika kwaya, na asubuhi nyingi za Jumapili sauti ilikuwa imekwaruza kana kwamba amelia usiku kucha. Hatukujua wakati ule kwamba tindikali ya tumbo ikipanda hadi kwenye koromeo huweza kuharibu sauti.

Kama ilivyo kwetu sote, tiba za kwanza zilitoka kwa majirani. Mmoja alisema maziwa baridi, mwingine magadi kidogo kwenye maji, mwingine tangawizi. Magadi hutuliza kwa muda, kwa kuwa huzima tindikali na kutoa gesi, ndipo mtu hubeua akapata nafuu. Lakini yana chumvichumvi nyingi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu, na baada ya saa moja au mbili moto unarudi.

Kilichotusukuma kwenda hospitali kilikuwa hofu. Baba mkubwa wa mume alikufa kwa saratani ya umio. Sehemu yetu hii ya Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi, inajulikana kwa wingi wa saratani hiyo. Tulikumbuka jinsi mzee yule alivyoanza kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha hata maji. Kila moto ulipopanda usiku, sisi wawili tulimwona yeye, ingawa hakuna aliyethubutu kumtaja.

Daktari alituuliza maswali mengi: chakula kinakwama? Uzito umepungua? Kuna choo cheusi kama lami, au kutapika damu? Akauliza pia kama tunatumia dawa za maumivu za aina ya diclofenac au ibuprofen, kwa sababu hizo huumiza tumbo. Kisha akaagiza kipimo cha choo kutafuta bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na baadaye kipimo cha kamera, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Habari za bakteria huyo zilitushangaza. Kwa miaka mingi madaktari waliamini vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Ndipo madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria. Marshall hata alikunywa bakteria hao mwenyewe ili kuthibitisha. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kipimo chetu kilionyesha bakteria wapo. Tulipewa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza tindikali, kwa siku 14, bila kuruka hata moja. Tulipopima tena, bakteria walikuwa wamekwisha. Tulimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye benchi la maabara. Lakini kiungulia kilibaki.

Kamera ndiyo iliyoeleza sababu. Kati ya umio na tumbo kuna mlango wa misuli, unaofunguka chakula kinapopita na kufunga baadaye. Mlango wa mume umelegea, na sehemu ndogo ya tumbo imepanda juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Umio ulikuwa mwekundu kwa kuunguzwa. Uvimbe haukuwapo. Daktari alilisema neno hilo polepole, mara mbili, maana aliona tulivyokuwa tumeshikana mikono.

Matibabu yaliyofuata yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa omeprazoli, kapsuli moja ya miligramu 20 kila asubuhi, kwa majuma manane, nusu saa kabla ya kula. Tulifundishwa kwamba katika ukuta wa tumbo kuna vijipampu vinavyotoa tindikali, na chakula ndicho kinachoviamsha. Dawa inapaswa kuwa imeshafika kabla havijaamka. Mtu anayeimeza baada ya kula hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kwa siku za dharura tulipewa pia vidonge vya kutafuna, ambavyo huzima tindikali iliyopo kwa muda mfupi tu.

Sehemu ya pili ilikuwa maisha yenyewe. Fundi seremala alitutengenezea vigogo viwili vya kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwa, kwa sentimita 15 hivi. Mito peke yake haisaidii sana, kwa kuwa humkunja mtu katikati. Mume hulala kwa ubavu wa kushoto. Chakula cha usiku, ambacho tulikuwa tunakula saa tatu na nusu baada ya mazoezi ya kwaya, sasa tunakula kabla ya mazoezi, ili zipite angalau saa tatu kabla ya kulala. Kilo saba zimepungua tumboni, na mkanda umepata tundu jipya. Tumejifunza pia vyakula vinavyomsumbua yeye: chapati zenye mafuta mengi, nyanya nyingi kwenye mchuzi, kahawa, soda na pilipili. Mwingine vyake vitakuwa vingine, na ni vizuri kila mtu aandike vyake.

Kwetu chakula ni upendo, kwa hiyo jambo hili halikuwa la jikoni tu. Tulipokwenda kijijini, mama mzaa mume alipika nyama ya kukaanga na kachumbari yenye pilipili. Aliona sahani ya mwanawe ikibaki.

"Mwanangu, umeanza kuchagua chakula cha mama yako?"

Mke ndiye aliyejibu: "Hapana, mama. Ni tumbo lake limekatazwa mafuta na pilipili. Sisi ndio tulipaswa kukuambia mapema usijisumbue."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkwe wangu, mimi nikiambiwa napika." Tangu siku hiyo, tukifika, huwa kuna sufuria ndogo pembeni yenye ndizi za kuchemsha, na hakuna anayeizungumzia.

Gumu zaidi lilitokea kanisani. Katika mkesha mmoja, baada ya maombi, ndugu mmoja aliona kapsuli zikitolewa mfukoni alfajiri. Alisema kwa upole, na tunaamini kwa nia njema: "Mpendwa, tumekwisha kukuombea. Ukiendelea kumeza hizo, unamwambia Mungu hujamwamini. Zitupe leo."

Hatukuzitupa. Lakini tulirudi nyumbani kimya, na swali lile likakaa nasi kwa majuma mengi. Je, kapsuli ya kila siku ni ushuhuda wa kutokuamini? Mtu aliyevunjika mguu hufungwa plasta, akapona, akatoa ushuhuda. Sisi tutatoa ushuhuda gani, wakati kesho asubuhi tutameza tena?

Tulikwenda kusoma. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, Paulo anamshauri kijana wake atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mstari huo tuliujua, na hutajwa zaidi katika mabishano ya pombe. Safari hii tuliuliza Timotheo alikuwa wapi. Sura ya 1 inasema alikuwa Efeso. Tukafungua Matendo ya Mitume, sura ya 19. Ni katika Efeso hiyo hiyo ambako leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona. Mtume ambaye kitambaa chake kiliponya watu katika mji ule hakumpelekea Timotheo kitambaa. Alimpelekea ushauri wa matibabu, kwa ugonjwa wa tumbo, unaorudi mara kwa mara. Wala hakumkemea kwa imani ndogo. Alimwachia kanisa zima alisimamie.

Hatuandiki haya ili mtu mwenye kiungulia akimbilie divai, kwani leo tunajua pombe hulegeza mlango ule na kuongeza moto. Tunaandika kwa sababu pale tuliona Mungu mmoja akifanya kazi kwa njia mbili katika mji mmoja. Na kanisa lililotuletea Injili lilielewa hivyo pia. Wamisionari hawakujenga makanisa peke yake. Dk. Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo nchini Uganda mwaka 1897, na katika nchi zetu ni vigumu kuzitaja hospitali kongwe bila kutaja kanisa.

Tulimweleza Mchungaji. Alisikiliza hadi mwisho, akasema maneno machache: "Ombeni, na mmeze. Anayesikia maombi ndiye aliyempa mfamasia akili." Kuhusu mfungo wa Kwaresima alituuliza daktari anasemaje. Daktari alikuwa ametuonya juu ya kukaa na njaa kutwa kisha kushiba sana usiku. Basi tukakubaliana kwamba sisi tutafunga chakula cha jioni, na kula mboga na vyakula vyepesi mchana, kama Danieli na wenzake walivyoridhika na mboga na maji. Thamani ya mlo tusiopika huenda kwa mjane mmoja wa jumuiya yetu.

Na ile nusu saa ya asubuhi? Mwanzoni ilituudhi. Kapsuli imemezwa, chai iko tayari, na hakuna ruhusa ya kunywa. Ibada ya nyumbani tulikuwa tukiipanga jioni, na mara nyingi usingizi uliishinda. Sasa mume anameza saa kumi na mbili kamili, watoto wanaamshwa, tunaimba ubeti mmoja, tunasoma, tunaomba. Tukisema amina, nusu saa imetimia. Kwa miaka minne sasa, ibada ya nyumba yetu imelindwa na kapsuli.

Baada ya majuma manane tulijaribu kupunguza dawa polepole kwa maelekezo ya daktari, maana kuikatiza ghafla huweza kuamsha tindikali kwa nguvu zaidi. Moto ulirudi. Sasa tuko kwenye kiasi kidogo kinachotosha, na daktari huangalia mara kwa mara kama bado inahitajika, kwa sababu ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12 na madini ya magnesiamu mwilini. Upasuaji wa kukaza mlango ule upo, lakini kwa sasa hatuuhitaji.

Mwenzetu unayesoma, ukiwa na kiungulia zaidi ya mara mbili kwa juma, usikidharau. Ukishindwa kumeza, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu au kuona choo cheusi, nenda hospitali leo. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, yakiambatana na jasho na kukosa pumzi, yasisubiri hata kidonge, kwa kuwa huenda ni moyo. Na ukimwona mwenzako akimeza dawa kanisani, mpe maji.

Sisi hatujapona kwa maana ya kuacha dawa. Tumepona hofu, tunalala, na besi imerudi kwaya. Tunaendelea kuomba mlango ule ukaze, na tunaendelea kumshukuru Mungu kwa kapsuli. Hatuoni kwamba sala hizo mbili zinagombana.