Bendi Inayoimba Piza Ikiiva

Mama mpenzi, umepata kukaa hotelini na watoto watatu wenye njaa, chakula mmekwisha agiza lakini hakijaletwa? Wa kwanza anamwaga chumvi mezani, wa pili ameingia chini ya meza, wa tatu analia. Dakika ishirini huwa ndefu kama siku nzima. Huko Marekani, dakika hizo za kungojea ndizo zilizoleta jambo moja la ajabu: bendi ya wanyama wa mitambo, wenye manyoya ya bandia na macho yanayopepesa, wanaowaimbia watoto jukwaani mpaka piza iive.

Bendi hizo zilikuwa zimeenea nchi nzima. Leo zimebaki chache sana. Mojawapo iko Northridge, mtaa wa jiji la Los Angeles katika jimbo la California, ndani ya mkahawa wa Chuck E. Cheese. Twende tukaione.

Mlangoni

Kabla hujafika mezani, mhudumu wa mlangoni anakugonga muhuri mkononi, na mtoto wako naye anagongwa. Mihuri yenu ina namba moja. Wakati wa kuondoka, mhudumu anaimulika mikono yenu kwa taa maalum, namba zionekane, azilinganishe. Mtoto hatoki na mtu ambaye hakuja naye. Ni jambo dogo, lakini mama yeyote aliyewahi kupotewa na mtoto sokoni hata kwa dakika mbili anajua thamani yake.

Ndani kuna kelele za mashine za michezo, harufu ya jibini, na meza ndefu za sikukuu za kuzaliwa. Jukwaani wako watano. Chuck E. Cheese ni panya, naye ndiye kiongozi. Helen Henny ni kuku mwimbaji. Mr. Munch ni zimwi la rangi ya zambarau, anapiga kinanda. Jasper T. Jowls ni mbwa mwenye gitaa. Pasqually ni mpishi mwenye masharubu, kazi yake ngoma. Wimbo ukianza vichwa vinageuka, vinywa vinafunguka na kufumba, kope zinashuka. Ukikaa karibu utasikia pia mlio mdogo wa hewa inayotoka, kama tairi la baiskeli linapofunguliwa.

Mlio huo ndio siri yao. Nyuma ya jukwaa kuna mashine inayoshindilia hewa. Hewa hupita katika mirija myembamba hadi kwenye silinda ndogo zilizofichwa ndani ya mikono, shingo na taya. Valvu ikifunguka, silinda inasukuma na mkono unainuka. Hapo zamani amri zilitoka kwenye kanda: sehemu moja ya kanda ilibeba muziki, na sehemu nyingine ilibeba ishara za kuongoza kila kiungo. Baadaye kompyuta zilichukua kazi hiyo.

Ilivyoanza San Jose

Aliyeanzisha habari hii ni Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari iliyotengeneza mchezo wa video wa Pong mwaka 1972. Mashine zake zilipendwa sana, lakini nyingi ziliwekwa katika mabaa, mahali ambapo mtoto hana ruhusa wala sababu ya kuingia. Bushnell alitaka mahali ambapo familia nzima ingeweza kufika. Tusimpambe, alitaka sarafu za watoto ziingie kwenye mashine zake. Alichagua piza kwa hesabu pia: vifaa vyake ni vichache, si rahisi kuiharibu, na mtu huizoea kuingojea. Anayengojea hucheza. Ila mzazi aliyechoka naye alihitaji kitu cha kumfanya akubali kukaa. Kitu hicho kikawa onyesho.

Tarehe 17 Mei 1977 mkahawa wa kwanza, ulioitwa Pizza Time Theatre, ulifunguliwa San Jose, California. Wanasesere hawakuwa jukwaani bado. Walikaa katika fremu kubwa kama za picha, juu ya ukuta, wakitaniana juu ya vichwa vya walaji. Chuck E. Cheese wa siku zile hakuwa rafiki wa watoto kama leo. Alikuwa panya mjanja mwenye maneno makali na sigara nene mkononi, kwa kuwa utani wake ulikusudiwa wazazi. Miaka ilipopita alinyang'anywa sigara na kufundishwa adabu.

Dubu na ngozi yake

Mshindani alitokea upesi. Robert Brock, mwenye mahoteli kutoka Kansas, alikuwa amekubaliana na Bushnell kufungua mikahawa yake mingi. Kisha akaona kazi ya fundi kijana wa Orlando, Florida, aitwaye Aaron Fechter, ambaye wanasesere wake walikuwa na viungo vingi zaidi na nyuso zenye uhai. Brock akaacha mkataba wa kwanza, jambo lililowafikisha mahakamani, na mwaka 1980 akafungua ShowBiz Pizza Place huko Kansas City, Missouri. Bendi ya Fechter iliitwa Rock-afire Explosion. Alikuwamo dubu Billy Bob, panya wa kike Mitzi, na sokwe Fatz kwenye kinanda. Baadhi ya sauti zilikuwa za Fechter mwenyewe.

Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka. Mwaka uliofuata kampuni ya Bushnell ilifilisika, nayo ShowBiz ikainunua. Sasa wenye mali walikuwa na bendi mbili. Fechter alikataa kuwaachia haki za wanyama wake, hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi walipita mkahawa hadi mkahawa wakiwavua ngozi na kuwavika nyingine. Sokwe Fatz akawa Mr. Munch. Mitzi akawa Helen Henny. Mifupa ya chuma ilikuwa ile ile, na kinanda kile kile. Watoto waliozoea kuja kumwona Billy Bob walifika siku moja wakakuta hayupo. Wengine hawakusahau. Filamu ya mwaka 2008 inamwonyesha mwanamume wa Alabama aliyeinunua bendi nzima ya zamani na kuisimamisha nyumbani kwake.

Pazia lashuka

Janga la korona lilipofunga milango mwaka 2020, kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikasimama tena mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2024 ilitangaza kuwaondoa wanasesere karibu kila mahali na kuweka skrini kubwa, sakafu za kuchezea dansi na mahali pa kurukaruka. Wakuu walieleza kwamba watoto wa leo wamelelewa na skrini, hawashangazwi tena na panya anayepepesa macho. Northridge ilikuwa imekwisha ahidiwa, Novemba 2023, kwamba bendi yake itabaki.

Wako pia watoto ambao hawakuwahi kumpenda panya huyo. Mtoto wa miaka miwili huweza kuangua kilio anapomwona mnyama mkubwa akigeuza shingo. Hofu hiyo imezaa mchezo wa kutisha wa kompyuta mwaka 2014, Five Nights at Freddy's, na filamu yake mwaka 2023. Usidanganywe na picha ya dubu kwenye jalada, mama. Filamu hiyo si ya wadogo.

Lakini bendi ile ilikuwa na jambo moja ambalo simu haina. Wimbo ulipoanza, baba, mama na watoto waligeuza vichwa upande mmoja, wakacheka pamoja, na mdogo aliyeogopa alijificha kwapani mwa mama yake. Jikoni kwa bibi zetu, chungu kikiwa mafigani, hadithi ilifanya kazi hiyo hiyo bila hewa wala valvu. Leo jioni, wali ukiwa bado haujakauka na njaa ikianza kuwachokoza, watoto wako watakuwa wanatazama wapi?