Umeiacha oili, bushi hazijakuacha: gari la umeme ndani ya Arusha

Ukisimama Engutoto, upande ule wa Njiro, asubuhi ambayo Mlima Meru umekubali kujionyesha, utayasikia magari kabla hujayaona. Landkruza za dizeli zinaunguruma kwenda kuchukua watalii, vifodi vinapandisha mjini vikikohoa moshi, na bodaboda ndiyo usiseme! Arusha ni mji wa injini, bwana. Hapa dogo anautambua mlio wa pampu iliyochoka kabla hajaota ndevu.

Sasa usije ukashangaa Landkruza ikakupita kimya kama baiskeli. Si uchawi. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua magari ya safari ya umeme mtupu ndani ya Serengeti, yakichajiwa kwa jua. Na hayakushuka melini yakiwa mapya. Ni Landkruza za kawaida, zimeng'olewa injini zikafungwa mota na betri, kwa ufundi wa kampuni ya Kifaransa iitwayo Carwatt. Hanspaul, wale jamaa wa hapa hapa wanaosifika kwa kuunda mabodi ya magari ya safari, nao wakaingia kwenye kazi hiyo pamoja na Wafaransa. Ukivuka Namanga mpaka Nairobi, kuna kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ikajiita Roam mwaka 2022, nayo ilibadilisha Landkruza za safari vivyo hivyo. Kwa hiyo atakayekwambia gari la umeme ni mambo ya Ulaya, mwambie amechelewa kuamka.

Ila wewe msomaji huna kambi Serengeti. Wewe unatafuta kigari cha kukaa nacho miaka mitano, sita, na jicho lako limetua kwenye Nissan Leaf iliyotumika Japani. Wengi wakifika hapo huuliza swali moja tu: kuchaji ni bei gani? Tulimalize haraka. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, zina betri ya uniti 24. Kwa bei ya umeme ya kawaida, karibu shilingi 357 kwa uniti pamoja na makato, kujaza betri nzima ni kama shilingi 8,600, ongeza kidogo kwa umeme unaopotea njiani. Raha, siyo? Lakini pesa ya gari hili haiishii kwenye soketi.

Tuanze na barabara. Kutoka Arusha mpaka Serengeti ni kama kilomita 335. Lami inakubembeleza Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, mpaka geti la Ngorongoro, halafu inakuaga. Baada ya hapo ni ile njia yenye mikunjo kama bati, inayotikisa hata meno. Bushi, boljointi, shokapu na springi hazijui kama kinachozungusha tairi ni dizeli au umeme. Zinakufa tu. Tena gari la umeme limebeba mzigo wake lenyewe: betri ya Leaf peke yake ina karibu kilo 300. Uzito huo, pamoja na mota inayoshika ghafla ukikanyaga, unakula tairi. Huna haja ya kwenda Serengeti kuyaona hayo. Mashimo ya mitaani kwetu yanatosha.

Kinachoondoka ni kile kilichokuwa kinakutoa jasho. Hakuna kumwaga oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa taimingi, hakuna klachi, hakuna injekta. Brekipedi nazo zinakaa muda mrefu mno, maana ukiachia mwendo mota inageuka jenereta, inapunguza kasi huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kwa mji uliokaa mabegani mwa mlima kama huu wetu, hiyo ni neema: unashuka kutoka Ilboru huku unavuna. Na hewa nyepesi ya milimani inayoinyima nguvu injini ya petroli, mota haina habari nayo.

Vinavyobaki ni vichache lakini vina masharti. Maji ya kupooza mota yapo kwenye Leaf, na yana aina yake. Usimruhusu mtu akujazie ya bombani, hasa haya ya kwetu yenye madini mengi (muulize mkazi wa Maji ya Chai kuhusu meno). Oili ya brake hubadilishwa kama gari lolote. Kichujio cha hewa ya ndani kitajaa vumbi la Meru mapema kuliko kitabu kinavyosema. Halafu kuna kile kibetri kidogo cha volti 12. Hicho kikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa pomoni! Watu wameita gari la kuvuta kwa tatizo la kununua kibetri na kukifunga. Na pale unapooshea gari, mwambie kijana asipige maji ya presha chini ya boneti.

Haya, nani atalifungua likisumbua? Ingia Unga Limited ukaone mafundi wetu. Ni watu wanaoweza kuichambua injini ya dizeli macho yakiwa yamefumbwa, na vijana wamejifunza kwa kushika spana pembeni ya mzee, si kwa vyeti. Mpelekee mmoja gari lisilo na injini, atazunguka mara mbili, atakuuliza, “Kaka, sasa mimi nifungue wapi?” Hilo ni swali la maana, tena la hatari. Nyaya zile nene za rangi ya chungwa kwenye Leaf zina umeme wa volti kama 360. Hizo hazijaribiwi kwa testa ya kufungia soketi. Fundi anayejua huzima gari, hutoa plagi maalumu ya usalama inayokata betri kubwa, husubiri dakika zisizopungua kumi umeme uliobaki uishe, na huvaa glavu za mpira za kazi hiyo. Ukimwona anaanza na bisibisi, chukua gari lako uondoke. Bushi na shokapu mwachie, hizo ni zake siku zote.

Mimi naona hapa ndipo riziki ya vijana wa Arusha ilipojificha. Kijana aliyesoma umeme Arusha Technical, akakaa mwaka mmoja na fundi mkongwe wa mabodi na springi, atakuwa na watu mlangoni. Mzee hana haja ya kufunga gereji, na kijana hana haja ya kumdharau mzee.

Twende kwenye betri kubwa, maana hiyo ndiyo gari lenyewe. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipooza kwa maji wala feni. Inategemea hewa inayopita. Ndiyo maana mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, Marekani, kwenye joto la jangwa, walilalamika betri zao zinazeeka upesi. Arusha ina bahati: tuko kwenye mita kama 1,400 na baridi ya Juni na Julai unaijua. Ila gari lako halikuzaliwa Arusha. Uliza liliishi vipi huko lilikotoka, na jibu liko kwenye dashibodi. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vipau vidogo 12 vya uzima wa betri. Cha kwanza kikipotea, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Vikibaki nane, theluthi imekwenda.

Kwa lugha ya barabara yetu: Leaf hiyo ikiwa mpya ilipimwa kwenda kama kilomita 117. Moshi ni kama kilomita 80. Yenye vipau nane haina uhakika wa kuzifikisha hizo 80. Ikikupeleka basi ni kwa sababu kwenda ni kushuka. Kurudi ni kupanda, na huko utalala.

Betri iliyochoka haitupwi. Ile ya uniti 24 ina makasha 48, na mara nyingine yaliyougua ni machache. Fundi mwenye vipimo anaweza kuyabadilisha kwa mengine yenye uzima unaolingana. Iliyoshindwa kabisa kusukuma gari bado inaweza kuhifadhi umeme wa sola nyumbani. Nawe uitunze: usiiache imejaa kabisa siku nzima, usiizoeze kuisha kabisa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji alijaze gari, mpige naye safari kutoka Mnara wa Saa hadi Usa River na kurudi, kilomita arobaini na kitu, kioo kimoja wazi usikilize bushi. Hesabu vipau kabla ya kuondoka, angalia chaji iliyobaki mkirudi. Akikataa safari hiyo, mrudishie funguo zake, upande kifodi.