Mivumo Mikavu ya Rufiji

Mwaka 1984, mpwa wangu, mwaka aliofariki Waziri Mkuu Sokoine, filamu ilikuwa adimu Dar es Salaam kama sabuni. Roli moja ya picha 36, ukibahatika kuipata kwa mlango wa nyuma, ilikula sehemu nene ya mshahara wa kijana wa maabara ya picha kama mimi, niliyeshinda gizani nikinuka dawa za kusafishia. Nilizipata mbili, nikaazima kamera ya Zenit na lenzi ndefu ya Kirusi ya milimita 300, nikadandia lori la Kibiti, kisha jingine la kupitia Mkongo hadi Mloka, kando ya Mto Rufiji, nimekaa juu ya magunia, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Nilimtaka furukombe, yule tai wa kichwa cheupe na mbawa nyeusi ambaye sauti yake humfikia mtu kabla hajamwona.

Mloka ilinuka kambale wa kubanikwa. Akina mama waliwapanga juu ya majani, mkubwa shilingi ishirini, mdogo kumi, na moshi ule uliingia kwenye shati langu ukakataa kutoka. Aliyenichukua kwenye mtumbwi wake alikuwa mzee wa Kindengereko, mwembamba, kimya, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho. Kwa hilo lililobaki alimwona ndege kabla sijainua lenzi. Tukaipita miti mingi yenye furukombe, naye hata hakupunguza kasia. Alikuwa anatafuta mvumo mkavu uliosimama kando ya maji, na mchanga upande wake wa mashariki.

Sababu yake nilikuja kuielewa tulipokaa. Pale Rufiji inaelekea mashariki, na miezi ya kusi upepo hupanda kutoka kusini mashariki. Ndege mkubwa huruka akiukabili upepo. Basi ukikaa mchangani asubuhi, uso umeuelekeza magharibi, jua liko mgongoni, upepo uko mgongoni, na furukombe akijirusha anakuja upande wako, kifua chote kimewaka. Lakini hukaa tuli muda mrefu. Mzee alinionyesha dalili: huinamisha kichwa akiyakazia macho maji, hunya, kisha hujiachia. Hapo kidole kiwe tayari. Zenit ile mwisho wake ulikuwa moja ya mia tano ya sekunde, nayo ilitosha kwa shida. Mwanga nilipimia kichwa cheupe, maana ukipimia tumbo la hudhurungi kichwa kinaungua, na furukombe asiye na kichwa kwenye picha ni mwewe tu.

Kwa mandhari ya mto nilipanda hadi Korongo la Stiegler. Mto ule mpana unabanwa ghafla kati ya miamba, na jua huchelewa kufika chini, kwa hiyo nilipiga mchana, saa ambazo kwingine ningefunga kamera. Habari za kujenga bwawa pale zilikuwa zikisemwa tayari enzi hizo za Mwalimu Nyerere. Leo bwawa lipo na lina jina lake, megawati 2115, na maji yalianza kuzuiwa Desemba 2022. Taa ninayoandikia inahitaji umeme, siuonei kijicho, lakini mto nilioupiga picha, upande wa juu wa ukuta wa bwawa, sasa ni ziwa, na picha zangu za nyeusi na nyeupe nazitunza kwa uchungu.

Wewe nenda. Tangu 2019 eneo lile ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na boti zipo. Maziwa ya Manze na Tagalala yaliishi kwa mafuriko ya masika, na sasa maji hufunguliwa bwawani kwa mkono wa binadamu, kwa hiyo usiahirishe ukingoja kamera bora. Chagua Julai, saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshapanda boti, na mwombe nahodha azime injini mapema, mivumo ikiwa bado mbali.